Ratiba Yenu Haina Mtoto

Chukua ratiba yoyote ya safari ya familia kwenda miji ya Uhispania, zile zinazoahidi "siku nane na watoto", kisha ufute neno "watoto" kila linapotokea. Soma tena. Hakuna kilichobadilika. Ikulu ya Kifalme ya Madrid iko palepale saa tatu asubuhi. Makumbusho ya Prado saa sita. Bustani ya Retiro jioni, "muda ukiruhusu". Siku ya tatu treni ya Barcelona. Siku ya tano Sevilla. Siku ya saba Granada, mkaione Alhambra, kisha mbio kurudi Madrid kupanda ndege. Mtoto yuko wapi hapo? Yuko pale sanduku lilipo: kitu cha kubebwa, kulishwa na kuhesabiwa kisije kikasahaulika stesheni.

Nasema haya kama mtu wa jikoni. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo nakula kwa vibarua vya kuandika: leo sifa za godoro, kesho faida za tangawizi, kesho kutwa "Barcelona na watoto". Sijawahi kukanyaga Uhispania. Kwa kazi hii si lazima. Kinachohitajika ni ramani, saa za kufunguliwa milango, bei za tiketi, ratiba za treni, na bando. Mitaa ya Madrid naweza kukutajia kwa mpangilio nikiwa kwenye bedsita yangu Roysambu, stima ikiwepo. Kwa hiyo najua ratiba hizi hupikwa vipi, na nani hulipwa zikiiva.

Hupikwa hivi. Mwenye tovuti anataka majina. Kila jina kubwa, iwe Sagrada Família au Alhambra, lina kitufe chake cha kununua tiketi, na msomaji akikibonyeza na kulipa, mwenye tovuti anapata asilimia yake. Majina manane ni vitufe vinane. Sasa niambie, mtoto akikaa saa nzima kwenye bembea ya mtaa, nani anapata asilimia? Hakuna. Bembea haina kamisheni. Ndiyo maana haimo kwenye ratiba, ama imo mwisho kabisa, baada ya koma, pamoja na yale maneno "muda ukiruhusu". Na muda, buda, hauruhusu kamwe.

Hoja yangu ni moja na sitaizungusha. Ukipanga kuwatembeza watoto katika miji ya Uhispania, panga kuanzia jioni, kwenye plaza, katika mji mmoja. Majengo maarufu yaje baadaye, machache, kama chumvi kwenye chakula. Ukipanga kinyume, umemvusha mtoto bahari ili akatazame makalio ya watu wazima kwenye foleni.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno. Hapa Nairobi plaza ni jengo. Lina lifti, duka la simu chini, saluni ghorofa ya tatu, na soja mlangoni anayekuuliza unaenda wapi. Kule, plaza ni pale ambapo majengo yamekoma. Ni uwanja wazi katikati ya nyumba za watu, wenye benchi, miti, mara nyingi bembea na pa kutelezea, na pembeni mikahawa iliyotoa meza nje. Hakuna geti. Hakuna anayekuuliza umekuja kununua nini. Mzazi anakaa na kahawa yake, mtoto anakimbia mita ishirini mbele yake, na nyanya wa mtaa wamejipanga kwenye benchi wakiwachunga wote bila kuajiriwa na mtu.

Nitazitaja, kwa sababu wanaotaja hutaja Plaza Mayor peke yake. Madrid kuna Olavide, mtaa wa Chamberí, plaza ya duara ambako palikuwa na soko mpaka likabomolewa mwaka 1974. Kuna Dos de Mayo, kule Malasaña. Lavapiés, mtaa wenye Wasenegali na Wabangladeshi wengi, kuna plaza iliyopewa jina la Nelson Mandela, na mtoto mweusi akicheza pale si kioja. Barcelona, mtaa wa Gràcia, kuna Virreina, Diamant na Sol, zimekaribiana kiasi kwamba mtoto anaweza kuanza aiskrimu kwenye moja akaimalizia kwenye nyingine. Sevilla kuna Alameda de Hércules, iliyopandwa miti mwaka 1574 na hadi leo ni sebule ya mtaa. Kuingia ni bure kote. Hakuna tiketi, hakuna kitufe, kwa hiyo hakuna aliyekuambia.

Saa ya Uhispania nayo iko upande wangu. Mwaka 1940 serikali ya Franco ilisogeza mishale mbele kwa saa moja ili nchi iende sawa na Berlin, na mpaka leo haikurudishwa. Matokeo yake ni kwamba jua la Juni mjini Madrid huzama karibu saa tatu na dakika 45 usiku. Chakula cha mchana huliwa saa nane hadi saa kumi. Maduka mengi madogo ya mtaa hufunga mchana. Jioni watoto hupewa merienda, kitafunio cha saa kumi na moja au kumi na mbili, mkate na chokoleti au tunda, kisha wanamwagika kwenye plaza. Chakula cha usiku ni saa tatu na kuendelea. Ukiona mtoto wa miaka minne anafukuza mpira saa nne usiku, usiite polisi. Mama yake ni yule pale mezani.

Tazama sasa ratiba ya kawaida. Inamwamsha mtoto mapema, inamkokota kwenye jua la saa tisa alasiri wakati mji wenyewe umejifungia ndani, kisha saa mbili usiku inamrudisha chumbani akiwa hoi na analia. Yaani anafungiwa mlango dakika ileile mji unapomfungulia wake. Na kama ni Sevilla mwezi wa Julai au Agosti, ambako joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, hiyo saa tisa inaweza kumlaza mtoto hospitalini.

Halafu kuna ile hesabu ya miji minne kwa siku nane. Treni ya kasi kutoka Madrid hadi Barcelona huchukua kama saa mbili na nusu, na kila ratiba inaringia hilo. Sawa, treni ni ya kasi. Familia si ya kasi. Kuna kufunga mabegi, kuna kufika stesheni mapema kwa sababu mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kuna kutafuta hoteli, kuna kuambiwa chumba hakiko tayari mpaka alasiri, mmoja anataka choo na mwingine amesahau kidoli kwenye mji wa juzi. Kila kuhama kunakula nusu siku. Madrid kwenda Barcelona, Barcelona kwenda Sevilla, Sevilla kwenda Granada, Granada kurudi Madrid: siku mbili zimeliwa. Toa siku ya kufika, watoto wakiwa na uchovu wa kubadilisha ndege Addis au Doha au Istanbul. Toa siku ya kuondoka. Umelipia siku nane, umepata nne, moja kwa kila mji. Huko si kutembea. Huko ni kusambaza vifurushi, na vifurushi ni watoto wako.

Najua kuna atakayesema nachukia majengo na historia. Hapana. Ninachopinga ni kuyahesabu. Chukua Prado. Mle ndani kuna picha ya Velázquez, *Las Meninas*, ya mwaka 1656. Katikati yake amesimama mtoto, Margarita, binti wa mfalme, mwenye miaka mitano. Chini upande wa kulia kuna mbwa mkubwa amelala na mtu anamgusa kwa mguu. Mchoraji mwenyewe yumo, na brashi mkononi, na kule nyuma kuna kioo kinachoonyesha sura za wazazi wa binti. Mpeleke mtoto wako moja kwa moja mbele ya hiyo picha. Muulize: mwenzako huyu anamtazama nani? Mbwa ataamka au hataamka? Wazazi wamesimama wapi? Dakika ishirini za hivyo zinashinda saa tatu za kuburutwa mbele ya picha mia mbili. Kisha tokeni nje mkale. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, na saa mbili za mwisho za kila siku ni bure hata kwa wakubwa, kwa hiyo huna deni na mtu la kumaliza vyumba vyote.

Au Sagrada Família. Ujenzi ulianza mwaka 1882, Gaudí akauchukua mwaka uliofuata, akagongwa na tramu na kufariki mwaka 1926 kazi ikiwa mbali na kuisha. Mtoto hahitaji mhadhara wa usanifu. Mwambie tu: aliyeichukua kazi ya hii nyumba alijua hataiona ikiisha. Asubuhi, vioo vya upande wa mashariki humwaga bluu na kijani sakafuni. Alasiri, vya magharibi humwaga nyekundu na rangi ya chungwa. Mwache asimame kwenye rangi mpaka atosheke. Walio chini ya miaka 11 hawalipi, ila lazima wawe na tiketi yenye saa. Alhambra vilevile: walio chini ya miaka 12 hawalipi, lakini wanahitaji tiketi, na saa ya kuingia kwenye kasri za Wanasri imeandikwa, ukiipitisha, umekosa. Majengo ya namna hii yanadai asubuhi nzima ya utulivu. Kuyaweka mawili kwa siku moja na mtoto wa miaka minne ni kumwonea mtoto na kulionea jengo.

Na jambo ambalo ratiba hazifanyi kabisa ni kumuuliza mwenye safari. Dada mmoja aliyenipa kazi ya kumpangia safari aliniambia, "Kijana, niwekee Alhambra, niwekee Sagrada, niwekee Prado, usiache kitu." Nikamuuliza, dada, na watoto wanataka nini? Kimya. Baadaye akarudi na majibu. Mkubwa, miaka tisa, alitaka kitu kimoja tu Madrid: uwanja wa Bernabéu. Mdogo, miaka minne, alitaka kupanda boti. Boti, Madrid, mji usio na bahari! Na kumbe boti zipo. Ndani ya Retiro kuna ziwa, na kwenye ziwa kuna mashua za kukodi za kupiga makasia. Bustani yenyewe ilikuwa ya wafalme mpaka mapinduzi ya mwaka 1868, ikageuka kuwa ya raia. Hiyo ni historia tosha, na imeingia kupitia kasia.

Sasa pingamizi nzito, ambayo siipuuzi. "Wewe unaongea rahisi. Sisi tuna pasipoti ya Kenya. Hatupandi ndege wikendi kama Waingereza. Tukifika mara moja, lazima tuone kila kitu, maana hatujui kama tutarudi." Naielewa sana. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Baba, mama, mmoja wa miaka tisa na mmoja wa minne: hizo ni yuro 225 kabla ya ada ya kituo cha maombi, kabla ya bima ya afya ya angalau yuro 30,000, kabla ya tiketi. Ukikataliwa, pesa hairudi. Unabeba taarifa za benki, barua ya mwajiri, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na unasubiri mtu usiyemjua aamue kama familia yako inafaa kwenda kuangalia kanisa.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Ratiba ya kwanza ya familia ya Kenya haiandikwi kwa ajili ya mtoto. Inaandikwa kwa ajili ya karani wa viza. Tunajaza miji kama mtu anayejaza wasifu wa kazi, ili tuonekane watalii wa kweli, watu wenye shughuli, watu ambao hawatabaki. Kisha ule ushahidi tuliompelekea karani tunaugeuza kuwa sheria ya nyumba. Tunafika Madrid na bado tunamthibitishia mtu ambaye hayupo. Lakini fomu haikudai miji minne. Inataka ijulikane unalala wapi, unaingia na kutoka lini, na nani anagharamia. Mji mmoja, hoteli moja, siku nane ni maombi halali, tena yenye karatasi chache za kufukuzana nazo.

Na kuhusu kutorudi: ndiyo, huenda hamtarudi. Kwa sababu hiyo hasa, acheni kumpa mtoto orodha. Mtu mzima anaweza kuishi na picha mia sita kwenye simu akijidanganya kwamba aliona. Mtoto hubaki na alichofanya kwa mikono na miguu. Alipiga kasia. Alicheza mpira na mtu asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, na wakaelewana kwamba ile ilikuwa penalti. Alikuwa nje saa nne usiku na hakuna aliyeogopa. Jiulize ni wapi katika Nairobi mtoto wako wa miaka minne amewahi kuwa nje saa nne usiku bila mtu kuogopa. Hapa tumezoea kumnunulia mtoto mchezo kwa tiketi ya nusu saa, ndani ya maduka makubwa, kwenye puto la hewa lenye harufu ya soksi. Tukivuka bahari, tunamnunulia tena. Kitu ambacho Uhispania inacho na sisi tumenyimwa ni mji unaomkubali mtoto bila risiti, na ndicho kitu pekee tunachokiruka.

Kuna ushauri mwingine unaorudiwa kila mahali: ukiwa na watoto, usikae hotelini, kodi nyumba ya watalii ya siku chache, kuna jiko na mashine ya kufulia. Unasikika wa busara. Hebu uufuate mpaka mwisho wake. Juni 2024 meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alitangaza kwamba mji hautaendeleza leseni za nyumba za watalii, zote 10,101, na kwamba kufikia Novemba 2028 ziwe zimeondoka. Sababu aliyotoa ni kodi ya nyumba, iliyopanda kwa asilimia 68 ndani ya miaka kumi. Julai mwaka huohuo wakazi waliandamana, na baadhi yao wakawanyunyizia watalii maji kwa bastola za kuchezea wakiwa wamekaa mezani. Wengi walicheka video zile. Mimi niliwaza kuhusu bembea. Nyumba ikitoka kwa familia ya mtaa ikaenda kwa wageni wa siku tatu, mtoto aliyekuwa akiishi humo anahamia mbali na plaza yake. Zikifika nyumba kumi, plaza inabaki na mikahawa bila mpira. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kufundishwa: ghorofa ambayo kila mlango una kisanduku cha funguo haina watoto kwenye ngazi.

Kwa hiyo mzazi anayefuata ushauri ule analipa kuwaondoa watoto ambao wake wangecheza nao. Usiniambie nyumba moja haileti tofauti. Hizo 10,101 ziliingia moja moja. Chukua hoteli yenye vyumba vya familia au ile yenye jiko dogo ndani ya chumba. Zipo. Ukiwa na watoto wawili, nguo chafu zitapelekwa kwa dobi wa mtaa na dunia haitaisha.

Ukitaka kuona mgongano huo kwa macho, uko Plaça de Sant Felip Neri, katika mtaa wa kale wa Barcelona. Tarehe 30 Januari 1938, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndege za Italia zilizomuunga mkono Franco zilidondosha mabomu pale. Watu 42 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wamejificha chini ya kanisa. Ukuta wa kanisa bado una mashimo. Pembeni kuna shule, na watoto wa shule ile hutumia plaza hiyohiyo kuchezea. Wageni hupita na waongozaji wao kupiga picha za mashimo. Ukimpeleka mtoto wako pale, na nakushauri umpeleke, mwambie kilichotokea kwa maneno ya umri wake, kisha mkae pembeni mwatazame wanaocheza. Simu mfukoni. Mashimo yale yanamaanisha kitu kwa sababu mpira bado unadunda mbele yake.

Na miji hii haikuzaliwa na huruma kwa watoto. Mfano wangu mkubwa ni Valencia, ambayo ratiba nyingi huiruka kwa sababu haina jina moja kubwa la kuuza. Oktoba 1957 mto Turia ulifurika katikati ya mji na kuua watu zaidi ya 80. Serikali ikauhamisha mto, ukachimbiwa njia mpya kusini mwa mji. Mkondo wa zamani ukabaki mtupu, na wakubwa wakapiga hesabu ya wakubwa: tupitishe barabara kuu humo. Wakazi wakakataa. Miaka ya 1970 wakadai mkondo uwe wao, na uwe wa kijani. Wakashinda. Leo ni bustani ya karibu kilomita 9 inayopita chini ya madaraja ya kale, na ndani yake kuna Gulliver, jitu la mita 70 lililolala chali, lililofunguliwa mwaka 1990. Watoto wanapanda nywele zake, wanateleza kwenye mikunjo ya koti lake, wanashuka kwa vidole vyake. Ni bure.

Sisi tunaijua hadithi ya namna hiyo. Mwaka 1989 walitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na Wangari Maathai akatukanwa sana kwa kulipinga. Halikujengwa. Ndiyo maana nakasirika mtu anaponiambia bembea ni mambo ya watoto. Uwanja wazi katikati ya mji ni mali ya thamani kubwa, unatamaniwa na kila mwenye saruji, na unabaki wazi pale tu ambapo watu walikataa. Mtoto akiteleza kwenye mkono wa Gulliver, muonyeshe madaraja kisha umwambie: hapa palikuwa pawe na magari. Hakuna kasri litakalomfundisha hilo.

Basi, mkitaka ratiba, hii hapa, na sichukui asilimia. Mji mmoja. Valencia, au Madrid kama moyo unataka Bernabéu. Nendeni Mei, Juni mapema, au mwishoni mwa Septemba. Kabla ya kununua chochote, kila mtoto ataje kitu kimoja anachotaka, na hicho kiandikwe kwanza, kabla ya cha baba. Jengo moja kwa siku, asubuhi, tena si kila siku. Chakula cha mchana saa nane, kikubwa, kama wenyeji. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, lala. Wote, pamoja na wewe unayeona usingizi wa mchana ni uvivu. Saa kumi na moja, merienda. Saa kumi na mbili, plaza, ileile kila siku, ili siku ya tatu mtoto wako ajulikane kwa jina. Siku mkichoka na mji, pandeni treni ya asubuhi mrudi jioni, mabegi yakiwa palepale. Toledo iko kama nusu saa kutoka Madrid kwa treni ya kasi.

Mtarudi nyumbani mkiwa mmeona majengo matatu. Shangazi atauliza, "Mlienda Uhispania yote hiyo na hamkufika Alhambra?" Mwambieni hamkufika. Haumi.

Na kwenu wenzangu wa kibarua, mnaoandika haya usiku stima ikiwa imerudi: mteja anataka majina manane, najua, na kodi ya nyumba inataka mteja. Mpe saba. La nane liwe plaza, kwa jina lake, na mtaa wake, na saa yake, kumi na mbili jioni hadi watoto wachoke. Msiandike "muda ukiruhusu".